Kumlea Mwalimu Mpya Hadi Skuli Ifungwe: Mwongozo Kamili kwa Mwalimu Mlezi

Kila ifikapo Disemba, skuli nyingi za Unguja na Pemba hupita njia ile ile. Mwalimu aliyeanza kazi Januari amekaa na rundo la pepa zisizosahihishwa, alama hazijakusanywa, ripoti zinatakiwa keshokutwa. Mwalimu mlezi, kwa huruma, anachukua kalamu na kuifanya kazi yeye mwenyewe usiku kucha. Ripoti zinatoka. Mwalimu mpya hajajifunza kitu, na mwakani mambo yatakuwa yale yale.

Walezi hawakosi nia, wengi wanawapenda vijana wao kwa dhati. Wanachokosea ni wakati: wanaingia kazi ikishaharibika. Mwongozo huu unaanza Oktoba na kwenda hadi siku ya kufunga skuli, na kila hatua inafuata mpango mmoja: unakaa naye kabla ya kazi kuanza, anaifanya mwenyewe, unakagua papo hapo.

## Vitu vya kuandaa

Vikusanye kabla ya mazungumzo ya kwanza. Ukianza kuvitafuta katikati, kila kikao kitageuka cha kutafuta karatasi.

- Kalenda ya skuli yenye tarehe ya kufunga, pamoja na ratiba ya mitihani ya taifa kama skuli yenu ina watahiniwa
- Silabasi na azimio la kazi (mpango wa kusomesha mada za mwaka) la mwalimu mpya, lile analolitumia kweli
- Rejesta ya mahudhurio na kitabu cha alama
- Mtihani mmoja wa mwisho wa mwaka uliopita wa somo lile lile, pamoja na mwongozo wake wa usahihishaji
- Fomu tupu ya ripoti ya mwanafunzi
- Daftari dogo la kwako wewe mlezi, lisilokaa ofisini
- Kalkuleta, bahasha kubwa za kaki, na kalamu za rangi mbili

Lile daftari lina kazi kubwa kuliko linavyoonekana. Ndani yake utaandika mliyokubaliana na tarehe yake. Bila hilo utamuuliza kijana swali moja mara nne, naye ataona humsikilizi.

## Hatua ya 1: Kaeni kitako, wiki ya kwanza ya Oktoba

Tafuta saa moja isiyo na kipindi. Kaeni kwenye darasa tupu, maktaba, au chini ya mwembe. Msikae ofisi ya walimu mbele za watu, wala chumba cha mwalimu mkuu, kwa sababu mwalimu mpya hatatamka udhaifu wake mahali ambapo utasikika na wengine.

Kwetu kuna jambo moja la kuzingatia. Mara nyingi mwalimu mpya amerudi kwenye skuli aliyosoma, au ya kijiji cha pili, na wewe ndiye uliyemsomesha. Hadi leo akikuona anakuamkia "Shikamoo mwalimu", na utakalosema lolote atajibu "Sawa mwalimu". Adabu hiyo ni nzuri na isiondoke, lakini inaficha mambo. Ni vigumu mtu kumwambia aliyemfundisha kusoma kwamba hajui kutunga mtihani.

Kwa hiyo uliza kwa namna ambayo "sawa" haitoshi kuwa jibu:

- Badala ya "Unaendelea vizuri?", sema "Nioneshe azimio lako, tuone limefika ukurasa gani."
- "Watoto gani watatu wanakutia wasiwasi? Nitajie majina."
- "Mada gani ungefurahi kama mtu mwengine angeisomesha?"

Kisha nyamaza. Ukimya wa dakika moja ni mrefu, lakini jibu la kweli huja baada yake. Na umwite "Mwalimu" mbele ya wanafunzi na hata mkiwa wawili tu. Kama ulikuwa ukimwita kwa jina la utotoni, liache nyumbani.

Tahadhari: Utakayoyasikia yasifike ofisini. Siku moja yakifika, kikao cha pili hakitakuwa na maana tena. Isipokuwa jambo moja: akikueleza kwamba kuna mtoto anaumizwa au yuko hatarini, hilo linakwenda kwa mwalimu mkuu siku hiyo hiyo, na umwambie kijana wazi kwamba mtakwenda pamoja.

Utajua imefaulu akiondoka akiwa amekwambia angalau jambo moja ambalo hakulitaka kulisema.

## Hatua ya 2: Hesabuni siku kurudi nyuma

Mwalimu mpya huhesabu kwenda mbele: "Bado miezi miwili." Mfundishe kuanza na siku ya kufunga na kurudi nyuma, kwa kalamu na karatasi, mkiwa pamoja.

Tuseme skuli inafungwa Ijumaa. Ripoti ziwe mikononi mwa wazazi siku hiyo. Jumatano na Alhamisi mwalimu mkuu anasaini. Jumatatu na Jumanne zinajazwa. Basi alama zote ziwe zimekusanywa Ijumaa ya wiki iliyotangulia.

Sasa kadirieni kusahihisha. Mwalimu mwenye 5A na 5B, kila darasa watoto 60, ana pepa 120 za somo moja. Kila pepa ikichukua dakika 6, hizo ni dakika 720, yaani saa 12. Akipata saa mbili na nusu za utulivu kwa siku, ni siku 5: Jumamosi moja, kisha Jumatatu hadi Alhamisi. Akiwa na masomo mawili, ni siku 10, na siku 10 hizo hana. Mwache aligundue hilo mwenyewe kwenye karatasi. Uso wake utabadilika, na hapo ndipo mtaanza kupanga kweli: mtihani wa somo la pili upangwe siku za mwanzo za ratiba, au maswali yawe machache yenye uzito mkubwa zaidi.

Kwa hesabu hii mitihani inaanza Jumatatu ya wiki ya tatu kutoka mwisho. Mtihani uwe umeshachapwa na kutolewa nakala Ijumaa kabla yake, na rasimu iwe mezani kwako wiki mbili nyuma ya hapo. Kwa skuli nyingi, hiyo ni mapema Novemba.

Msisahau mitihani ya taifa. Kidato cha Nne hufanya mtihani wa NECTA, yaani Baraza la Mitihani la Tanzania, Novemba, na Baraza la Mitihani la Zanzibar lina mitihani yake ya msingi na ya Kidato cha Pili. Siku hizo vyumba huchukuliwa, madawati huhamishwa, walimu hupangiwa kazi nyengine, na madarasa mengine hupunguziwa vipindi au hurudishwa nyumbani. Muulizeni mwalimu wa taaluma mapema, kisha mzikate siku hizo kwenye hesabu. Ijumaa pia ihesabuni nusu, kwa sababu ya sala.

Mwisho ongezeni siku mbili za dharura. Umeme hukatika, na mashine ya fotokopi huharibika wiki ile ile ambayo kila skuli inaihitaji.

Utajua imefaulu akiwa na karatasi moja yenye tarehe, aliyoiandika kwa mkono wake, imebandikwa ndani ya jalada la daftari lake.

## Hatua ya 3: Zigaweni mada zilizobaki

Karibu kila mwalimu wa mwaka wa kwanza hufika Oktoba silabasi ikiwa haijamalizika. Akiachwa peke yake atazikimbiza mada zote kwa wiki tatu, na watoto hawatashika hata moja.

Zigaweni mafungu matatu. Fungu la kwanza ni mada ambazo za mwakani zinazitegemea. Hizi zisomeshwe kikamilifu. La pili zinaweza kufupishwa kwa vipindi viwili vya misingi tu. La tatu zitakabidhiwa kwa maandishi kwa mwalimu atakayelipokea darasa. Akibakiwa kwa mfano na asilimia, eneo na takwimu katika Hisabati, asilimia haiwezi kuachwa, kwa sababu imejengwa juu ya sehemu na itarudi kila mwaka.

Tahadhari: Mada isiyosomeshwa isiandikwe kwamba imesomeshwa. Kijana ataogopa mkaguzi, kwa hiyo mwambie waziwazi kwamba wewe mlezi utakuwa upande wake kueleza sababu. Rekodi ya uongo itamuumiza mtoto Februari, atakapodaiwa asichopewa.

## Hatua ya 4: Kutunga mtihani

Hapa ndipo wengi wanapoangukia, kwa hiyo hapa utumie muda mwingi kuliko pengine popote. Mwalimu mpya hutunga mtihani kwa njia mbili mbaya: ananakili maswali ya zamani, au anaandika yanayomjia kichwani usiku mmoja. Katika njia ya pili, maswali mengi hutoka kwenye mada ya mwisho aliyoisomesha, kwa sababu ndiyo anayoikumbuka.

Anza na jedwali la utahini. Mchoree mistari, aijaze yeye. Kila mada ipate alama kulingana na vipindi ilivyochukua. Kama mwaka mzima ulikuwa na vipindi 40 vya mada nne, 16, 12, 8 na 4, basi katika mtihani wa alama 50 zitapata alama 20, 15, 10 na 5. Ni hesabu ndogo, lakini inaondoa malalamiko mengi.

Kisha gawa kila mada kwa ugumu. Maswali ya kukumbuka yawepo, ya kutumia maarifa yawe mengi zaidi, na machache yawe ya kufikiri sana. Swali la kwanza liwe jepesi. Mtoto anayeshindwa na swali la kwanza hutetemeka hadi la mwisho.

Angalieni lugha ya maswali. Masomo yanayosomeshwa kwa Kiingereza yana mtego wake: mtoto anajua kugawa, lakini haelewi sentensi inayomwambia agawe. Swali la kugawa maembe lisigeuke mtihani wa kusoma. Mwalimu asome kila swali kwa sauti na aulize: neno hili nililitumia darasani? Kama hakulitumia, alibadilishe.

Mwongozo wa usahihishaji uandikwe kabla ya mtihani kuchapwa. Sababu ni moja: ukijaribu kuandika jibu unagundua swali lina majibu mawili, au halina jibu. Ni bora kugundua hayo mezani kuliko chumbani watoto wakiwa wameshaanza kuandika.

Ufanye mtihani wewe. Kaa uujibu wote kwa saa, yeye akiwa pembeni akisahihisha insha au akinywa chai. Usimwambie chochote mpaka umalize. Ukitumia dakika 30, wanafunzi watahitaji karibu mara tatu yake. Ukikwama kwenye swali, usiseme "hili baya". Muulize, "Hapa ulitaka nijibu nini?" Atakapoanza kueleza, atalisikia kosa mwenyewe.

Tahadhari ya siri: Mtihani usitumwe kwenye kundi la WhatsApp la walimu, hata kwa dakika moja. Usiachwe kwenye kompyuta ya duka la fotokopi. Baada ya kuchapa, mwalimu asimame hapo hapo faili lifutwe. Nakala zihesabiwe dukani, ziingie kwenye bahasha, bahasha ifungwe na isainiwe juu ya mkunjo. Anayevuka maji kwenda Kojani, Makoongwe au Kisiwa Panza azitie kwenye ndoo yenye mfuniko. Wimbi dogo linatosha kulowesha darasa zima.

Utajua imefaulu kama mwalimu mwengine wa somo hilo, asiyehusika na utungaji, anaweza kusahihisha pepa moja kwa mwongozo ule na kufika alama ile ile.

## Hatua ya 5: Wiki za kudurusu

Mvua za vuli hupiga Oktoba hadi Disemba. Darasa lenye paa la mabati likinyeshewa, mwalimu akipaza sauti anaumia koo bure. Mfundishe kuwa na kazi ya maandishi tayari kwa kila kipindi cha kudurusu: maswali matatu ubaoni, watoto wanafanya wawili wawili, yeye anapita mezani. Mvua ikinyesha kipindi kinaendelea.

Pemba kuna karafuu pia. Msimu ukiwa mzuri, mahudhurio hupungua; mkubwa yuko juu ya mkarafuu, mdogo anaokota mpeta, karafuu zilizoanguka, chini. Mwalimu mpya aliyetoka chuoni hukasirika na kuwaita watoto watoro. Mwambie atulie. Kwa familia nyingi hiyo ndiyo fedha ya sare na madaftari ya Januari. Kinachosaidia ni kwenda kwa mzazi, jioni, kwa heshima, na kumuomba siku mahususi: "Mzee wangu, naomba Jumanne na Alhamisi asikose, siku hizo nadurusu sehemu." Ombi la siku mbili linakubalika, ambapo amri ya siku tano mzazi ataiitikia tu kisha aendelee na yake. Barua anayopewa mtoto aipeleke nyumbani sina imani nayo.

Vipindi vya ziada visigongane na chuo cha Kurani. Mtoto akilazimishwa kuchagua kati ya mwalimu wa skuli na ustadhi wake, mzazi ataamua, na hataamua upande wenu. Kwa mkondo wa asubuhi, nusu saa kabla ya kuondoka inatosha. Kwa wanaoingia mchana, waitwe mapema kidogo kabla ya kengele.

Na bakora isiwe njia ya kudurusu. Mtoto anayepigwa kwa kukosa jibu hujifunza kujificha asiulizwe, na ndiye hasa mnayemtafuta mumsaidie.

## Akianza kuzama

Hii si hatua. Inaweza kutokea wiki yoyote, mara nyingi katikati ya Novemba.

Dalili ni hizi: anachelewa kuliko kawaida, anakwepa ofisi ya walimu, anasema "nitamaliza" bila kukuonesha, anawafokea watoto kwa mambo madogo, au anacheka sana na kufanya kazi kidogo. Walimu wa kujitolea wana mzigo wa ziada. Wanafanya kazi sawa na wengine huku hawajui kama mwakani wataajiriwa, na nauli wanatoa mfukoni.

Usianze na kazi. Muulize amekula nini leo, analala saa ngapi, nyumbani kuna nini. Mwalimu wa kike aliyepangiwa mbali na kwao pengine amebeba mambo ya makazi na usafiri ambayo hatayasema mbele ya mlezi mwanamume. Kama wewe ni mwanamume, mshirikishe mwalimu wa kike mnayemwamini wote wawili.

Kisha punguzeni mzigo, wala msiuondoe wote. Chukua zamu yake moja ya usimamizi, au muombeni mwalimu mkuu amwondolee kazi moja ya nje ya darasa kwa wiki mbili. Kusahihisha kwake kubaki kwake. Ukimsahihishia, umemwambia hawezi, na hilo atalibeba muda mrefu kuliko uchovu wenyewe.

## Hatua ya 6: Kusahihisha

Siku ya kwanza ya kusahihisha uwe naye kwa saa moja. Siku nyengine unapita kwa dakika kumi tu.

1. Zihesabuni pepa dhidi ya rejesta kabla hamjafungua hata moja. Waliohudhuria ni 57 na pepa ni 56? Itafuteni sasa. Baada ya siku tatu hakuna atakayekumbuka.

2. Sahihisheni pepa tano za kwanza kila mtu peke yake, kwa karatasi ya pembeni bila kuandika juu ya pepa. Kisha linganisheni. Mkitofautiana zaidi ya alama mbili au tatu, tatizo liko kwenye mwongozo wa usahihishaji, urekebisheni sasa.

3. Asahihishe swali kwa swali. Swali la kwanza kwa pepa zote, kisha la pili. Akisahihisha mtoto kwa mtoto, mtoto anayejulikana kuwa mzuri husamehewa na mwengine hubanwa, bila mwalimu kukusudia.

4. Jina lifunikwe kwa kukunja kona ya juu ya pepa, kwa sababu hiyo hiyo.

5. Kila baada ya pepa 30, apumzike na arudie pepa mbili za mwanzo. Mkono hulegea au hukaza kadiri uchovu unavyoingia.

Tahadhari: Pepa zisipewe mdogo wake nyumbani, mchumba, wala mwanafunzi wa kidato cha juu azisahihishe. Na asisahihishe baada ya saa nne za usiku. Makosa ya kujumlisha ya saa hizo ndiyo yanayoleta wazazi skuli Januari.

Akiona swali fulani limewashinda karibu wote, asikimbilie kusema watoto ni wavivu. Aandike kwenye daftari: swali la 7, wengi wamekosa, wamechanganya nini? Hicho ndicho atakachokisomesha vizuri mwakani.

## Hatua ya 7: Alama na ripoti

Alama zihamishwe kwa watu wawili, mmoja asome kwa sauti jina na alama, mwengine aandike. Kisha wabadilishane, aliyeandika asome. Inachukua nusu saa kwa darasa na inakamata karibu makosa yote.

Aliyekosa mtihani aandikwe "hayupo". Sifuri ni ya mtoto aliyefanya akakosa yote. Ukiandika sifuri kwa mtoto aliyekuwa amelazwa hospitali, umemuharibia wastani na pia umeuvunja wastani wa darasa zima.

Maoni ya ripoti yanahitaji kazi zaidi. "Aongeze bidii" imeandikwa kwenye ripoti za watoto wa Zanzibar mpaka haina maana tena. Mzazi akiisoma hajui afanye nini. Keti na mwalimu mpya, muandike maoni kumi pamoja, kila moja likiwa na mambo matatu: anachoweza, kinachomshinda, na kazi ya likizo. Mfano:

*"Anajumlisha na kutoa sehemu bila shida. Kuzidisha bado kunamchanganya. Likizo afanye majedwali ya 6 hadi 9, moja kwa siku, mbele ya mkubwa."*

Na wa mtoto anayeongoza darasa:

*"Anasoma kwa ufasaha. Uandishi wake ni mfupi mno. Kila wiki aandike ukurasa mmoja kuhusu jambo aliloliona kijijini."*

Kumi mkishaandika, zilizobaki ataandika mwenyewe. Pitia kila ya kumi. Ukikuta maoni mawili yanayofanana neno kwa neno, mrudishie hayo tu.

Utajua imefaulu ukilifunika jina na mwalimu akaweza kusema ripoti ni ya mtoto gani.

## Hatua ya 8: Mfanyieni mazoezi mkutano wa mzazi

Mwalimu mwenye miaka 23 anamkabili mzazi wa miaka 50, pengine rafiki wa baba yake. Hili haliwezi kuachwa lijitokeze siku yenyewe. Fanyeni mazoezi: wewe uwe mzazi, na uwe mzazi mgumu.

*Mlezi (kama mzazi):* Mwanangu mwaka jana alikuwa wa tatu. Leo wa kumi na tisa. Umemfanya nini?

*Mwalimu mpya:* Karibu mama, kaa. Nashukuru umekuja mwenyewe. Hebu tuiangalie pepa yake pamoja.

*Mlezi:* Mimi pepa sijui kusoma. Niambie tu.

*Mwalimu mpya:* Kusoma amefanya vizuri, amepata 38 katika 50. Hisabati ndiyo imemshusha. Hapa, na hapa, ameacha bila kujibu. Nyumbani anapata wapi nafasi ya kufanya kazi zake?

Msimamishe hapo na mzungumze alichofanya vizuri: hakujitetea, alimkaribisha, alionesha pepa, aliuliza bila kulaumu. Kisha rudieni, safari hii mzazi awe anapaza sauti. Jibu la kumzoesha ni moja: "Nimekusikia mama. Nikuitie mwalimu wangu mkubwa tukae sote?" Kuomba msaada kwa heshima hakumshushi hadhi. Siku yenyewe uwe karibu, mlango wa pili, asikutafute.

Jambo la nafasi darasani lisemwe kwa uangalifu. Mtoto anaweza kupanda alama na kushuka nafasi kwa sababu wenzake wamepanda zaidi. Mwalimu mpya awe na alama za muhula uliopita mkononi ili aweze kumuonesha mzazi.

## Hatua ya 9: Makabidhiano

Wiki ya mwisho kila mtu anataka kuondoka, na mambo ya hatua hii hupotea. Yamalizeni Alhamisi.

Vitabu vya kiada vihesabiwe vikirudi, kila kimoja na namba yake na hali yake. Kilichopotea kiandikwe leo, pamoja na jina la mtoto. Rejesta ifungwe kwa jumla ya mahudhurio ya mwaka na isainiwe.

Kisha mwalimu mpya aandike barua ya kurasa mbili kwa mwalimu atakayelichukua darasa. Iwe na mada za lile fungu la tatu ambazo hazikusomeshwa, maswali yaliyowashinda wengi, na watoto wachache wanaohitaji jicho la karibu: asiyeona vizuri ubaoni, anayevuka maji kila asubuhi, aliyefiwa mwaka huu. Mambo ya siri ya familia yasiandikwe; hayo yasemwe kwa mdomo kwa anayehusika. Nakala moja ibaki kwa mwalimu wa taaluma.

Mwisho, kaeni tena wawili, mahali pale pale mlipoanzia Oktoba kama mnapapata. Fungua daftari lako na umsomee aliyokwambia siku ile kwamba yanamshinda. Mwache yeye aseme yapi bado yanamshinda. Chagueni mawili tu ya kufanyia kazi mwakani, na kama mojawapo linahitaji mafunzo, mpelekeni kituo cha walimu kilicho karibu: Michakaeni kwa walio Chake Chake, Mitiulaya kwa Wete, na kwa Unguja kile cha eneo lenu. Aulize kabla ya likizo kuna mafunzo gani Januari, kwa sababu nafasi hujaa.

Andikeni tarehe ya kikao cha kwanza cha mwakani, iwe ndani ya wiki ya kwanza ya kufungua skuli, kabla azimio jipya la kazi halijapelekwa kwa mwalimu mkuu. Aje na karatasi ile ya tarehe za kuhesabu kurudi nyuma, ya mwaka mzima safari hii, ameshaianza mwenyewe.